Sindano ya Jioni kwa Ta Kaijage

Alhamisi jioni, jua likielekea kuzama nyuma ya migomba ya Ijuganyondo, nesi Joanitha alishuka kwenye bodaboda, akakwangua tope la viatu vyake kwenye jiwe la mlangoni, akabisha hodi kwa Ta Kaijage. Ta Kaijage alikuwa sebuleni kwenye kiti chake cha mbao, shati limepandishwa mpaka kifuani, tumbo wazi, anasubiri. Mezani kulikuwa na pamba, bomba la sindano, na chungu kidogo chenye mchanga mbichi ambamo chupa ya insulini hukaa ipate ubaridi, maana nyumba ile haina friji. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Aliyekuwa hajafika ni mkewe tu.

"Kasinge waitu," Joanitha alisalimu.

"Karibu, nesi. Leo amechelewa."

"Mvua imenyesha mchana kutwa, tata. Udongo utakuwa mzito."

Ta Kaijage alikubali kwamba udongo ungekuwa mzito. Wakakaa wakisikiliza. Baada ya muda kidogo, kule nyuma ya nyumba, majani yaliyotandazwa kibanjani yakaanza kuchakarika, bomba la tangi la maji likafunguliwa, mtu akanawa miguu, na Ma Kokushubila akaingia kwa mlango wa nyuma akijifuta mikono kwa kanga. Alikuwa amefariki tangu kabla ya msimu wa senene.

Alimsalimia Joanitha, akamuuliza habari za watoto, akachukua chupa ya insulini na kuibingirisha taratibu katikati ya viganja vyake bila kuitikisa, jinsi alivyofundishwa. Akavuta dawa, akainua bomba kwenye mwanga wa dirisha, akaligonga kwa ukucha kutoa hewa. Jana alikuwa amechoma kushoto kwa kitovu, kwa hiyo leo akafinya ngozi ya kulia. Ta Kaijage alifumba macho kama mtoto anayenyolewa. Ikaisha. Ma Kokushubila akashusha shati la mumewe, akampigapiga begani, akaenda jikoni kumenya ndizi.

Sasa, mtu wa mbali anaweza kuuliza imekuwaje, lakini kwa Wahaya si jambo la kuzungushia maneno. Sisi hatuendi kuzika mbali. Mtu huzikwa kibanjani kwake, kati ya migomba aliyoipalilia mwenyewe, na kaburi la Ma Kokushubila lilikuwa papo hapo nyuma ya nyumba, upande wa juu. Kwa mtu mwenye kazi ya kufanya nyumbani, hiyo si safari.

Ilianza matanga yalipokwisha. Wageni walikuwa wameondoka, masufuria ya kuazima yamerudishwa, na Annastella, binti yao aliyeolewa Muleba, amerudi kwa mumewe. Jioni ile Ta Kaijage aliketi kwenye kiti chake, akapandisha shati kama alivyozoea tangu alipogundulika kuwa na kisukari, akasubiri. Giza likaanza kuingia. Alikaa, akakaa, kisha bila kufikiri akaita kama alivyoita siku zote, "Koku, bado?"

Akaja. Nywele zimejaa udongo na uso umekunjamana, maana hata yeye alikuwa amedhani kazi ile imekwisha. Alimchoma sindano, akamuuliza kama amekula. Alikuwa hajala. Basi akaingia jikoni.

Majirani hawakulifanya jambo kubwa. Tatizo la kwanza lilikuwa nguo. Ma Kokushubila alizikwa na busuti yake ya sherehe, na huwezi kumenya ndizi umevaa busuti, utomvu ukishika hautoki tena. Nguo zake nyingine zote zilikuwa zimegawiwa kwa ndugu siku ya kumaliza matanga, kwa hiyo ikabidi Annastella apite kwa mashangazi na mawifi mmoja mmoja akiomba kurudishiwa. Wengi walirudisha kwa moyo mweupe. Yupo mmoja aliyenuna hadi leo, kwa sababu kitenge alichokipata alikuwa amekwisha kukipeleka kwa fundi. Tatizo la pili lilikuwa la jumuiya. Katekista Ildefons alikuja kuuliza kama jina la Ma Kokushubila libaki kwenye sala za marehemu au lirudi kwenye zamu ya kufagia kanisa. Walijadiliana vizuri tu, wakakubaliana libaki pote pawili.

Huko alikotoka hakupasimulia sana. Aliyemuuliza alijibiwa kwamba kuna baridi kidogo, ila kuna nafasi. Alfajiri, kabla ya jogoo, alirudi mwenyewe na kujitandazia majani juu yake, kwa kuwa Ta Kaijage hakuzoea kazi ya kutandaza.

Na sukari ya Ta Kaijage ikatulia vizuri kuliko hata wakati mkewe yuko hai, kwa sababu siku hizi Ma Kokushubila hakuwa na msiba wa kwenda wala harusi ya kusaidia kupika. Kipande cha ndizi kilipimwa, maharage yakaongezwa, pombe ya rubisi ikafichwa mahali ambapo mzee hakuweza kuipata. Siku ya kliniki mganga mfawidhi alimsimamisha mbele ya wenzake waliojaa kwenye mabenchi, akawaambia hii ndiyo sukari ya mtu anayefuata masharti. Wakamuuliza siri yake ni nini.

"Nidhamu," Ta Kaijage alisema, akaketi.

Joanitha alicheka mpaka akajificha nyuma ya pazia la chumba cha sindano. Alikuwa akimpenda sana mzee yule. Nyumba ile ilikuwa ya mwisho kwenye mzunguko wake wa Alhamisi wa kuwapima wagonjwa sukari majumbani, na kwa miaka mingi alikuwa akiiacha makusudi iwe ya mwisho, apate kukaa, atafune zile punje za kahawa zilizokaushwa, ale ndizi za Ma Kokushubila kabla ya kurudi kwake Hamugembe. Mama yake mwenyewe alikuwa amefariki zamani. Kwa hiyo Ma Kokushubila kuendelea kuwepo baada ya kufa hakukumpa shida yoyote, kulimfurahisha.

Mpaka jioni Ma Kokushubila alipomsindikiza.

Walitembea polepole mpaka kwenye milamula iliyopandwa mpakani mwa kibanja, ambapo marehemu ilimbidi asimame, kwa sababu ardhi ya pale mbele ilikuwa ya mtu mwingine. Alishika jani moja, akalikunja kunja.

"Mwanangu," alisema, "mfundishe ajichome mwenyewe. Mimi nataka kulala."

Joanitha alimtazama. Mtu akishazikwa humtazami vizuri tena, unamzoea tu. Ma Kokushubila alikuwa amekonda, na alikuwa akisimama kwa mguu mmoja akipumzisha mwingine.

"Watoto wanataka kunijengea kaburi kwenye misa ya mwaka," Ma Kokushubila aliendelea. "Wameagiza marumaru. Udongo naumudu, lakini zege siliwezi. Wakishafunga nimefungwa. Kama atakuwa amejifunza, sawa, nitalala na yeye ataishi. Kama hajajifunza, atakaa pale na lile shati lake mpaka aanguke. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mawe," Joanitha alisema, akimwita mama kwa Kihaya.

"Basi nifanyie hilo."

Joanitha akamwahidi. Na alipoahidi alikuwa na hakika kabisa, maana si mtu wa kushindwa kirahisi. Alikwisha kumfundisha kujichoma muuza dagaa asiyesikia kitu, na padre mstaafu aliyekuwa akizimia kila akiona damu.

Alianza na ndizi mbivu. Alimpa Ta Kaijage bomba lenye maji matupu, akamwonyesha jinsi ya kulishika kama kalamu, akamwambia achome ndizi. Ta Kaijage aliitazama ndizi kwa huruma. Mikono yake mipana, ambayo dakika moja kabla ilikuwa imeshika kikombe cha chai kilichojaa bila kumwaga tone, ikaanza kutetemeka. Sindano ikapita pembeni ya ndizi ikachoma kitambaa cha meza.

"Macho," alieleza.

Wiki iliyofuata Joanitha alikuja na miwani ya kuazima. Ta Kaijage akasema sasa anaona, ila mkono una ganzi. Wiki nyingine hakuwa na ganzi, lakini alivuta dawa akavuta na hewa nusu bomba, akamwonyesha nesi kwa uso wa mtu aliyefaulu. Joanitha alijaribu njia nyingine. Alimpigia simu Annastella, ambaye alijibu kwa upole kwamba Muleba na Ijuganyondo si jirani, na kwamba yeye pia ana mama mkwe mwenye presha. Alizungumza na Evelyne, jirani wa nyumba ya chini, mwanamke mwema, tayari kabisa kusaidia. Ta Kaijage akakataa. Alisema hawezi kufunuliwa tumbo na mke wa watu.

"Hivi nitaweza kweli, nesi?" alikuwa akiuliza kila mwisho wa somo.

"Utaweza, tata."

"Mimi naona ni umri."

Marumaru yakafika, yamepakiwa kwenye gari la mchanga, meupe yenye mistari ya kahawia, yakapangwa barazani. Muhidini, fundi kutoka Rwamishenye, akaja kupima kaburi kwa kamba. Alipima jioni, mwenyewe akiwa jikoni, asimsumbue. Misa ikatangazwa kanisani. Joanitha akaanza kukosa usingizi, na akiwa kazini akajikuta anamfundisha mtu mwingine huku anamwita Ta Kaijage.

Basi kuna Alhamisi moja mganga mfawidhi alikuwa na kikao, kliniki ikafungwa mapema, na Joanitha akafika Ijuganyondo jua bado liko juu. Alibisha hodi sebuleni, kimya. Akazunguka nyumba. Kule nyuma, kwenye nguzo karibu na shimo la mbolea, ng'ombe wa Rugambwa, jirani mmoja, alikuwa amefungwa kamba fupi, na Ta Kaijage alikuwa amesimama ubavuni mwake, mikono ya shati imekunjwa, bomba kubwa la chuma mkononi. Alivuta dawa kwenye chupa. Alilinyanyua bomba kwenye jua, akaligonga, hewa ikatoka. Kisha akampiga ng'ombe kofi la shingo, akampiga la pili, na la tatu likaja pamoja na sindano. Ng'ombe aliendelea kutafuna. Hakujua hata kama amechomwa.

"Huyu mzee hana mpinzani," Rugambwa alimwambia Joanitha huku akifungua kamba. "Zamani ranchi nzima alikuwa anaichoma yeye."

Rugambwa akaondoka na ng'ombe wake. Ta Kaijage akabaki na bomba, akilifuta kwa kitambaa, anachukua muda mrefu kulifuta.

"Tata," Joanitha alisema. "Leo mkono hauna ganzi."

"Ng'ombe hana maneno mengi."

"Na macho?"

Mzee aliliweka bomba kando. Aliingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akampa nesi kama anavyopewa mgeni wa heshima, na wote wawili wakakaa kwenye benchi la nyuma wakitazama lile kaburi la udongo lenye majani juu yake. Joanitha alikuwa na hasira iliyompanda mpaka masikioni. Alikuwa amechoma ndizi msimu mzima.

"Nikijua kujichoma," Ta Kaijage alisema mwishoni, "Koku atakuja kufanya nini?"

"Hatakuja. Atapumzika."

"Ndiyo. Na mimi nitakaa na nani?"

Alilisema bila hila, akimtazama usoni, na macho yalikuwa yamelowa. Joanitha alitamani kumkumbatia, na wakati huohuo alitamani kumpiga kofi la shingo kama lile alilopigwa ng'ombe. Alitafuna kahawa.

Jioni ilipoingia na Ma Kokushubila akatoka, akanawa, akachoma sindano, Joanitha hakubaki sebuleni kama siku nyingine. Alimfuata jikoni. Miaka yote hiyo hakuwa amewahi kuingia jikoni mle. Mgeni hukaa sebuleni, na nesi ni mgeni. Palikuwa na moshi, kigoda, rundo la ndizi, na jagi kubwa la maji lililofunikwa kwa sahani.

"Mawe, nina jambo. Anajua kuchoma."

"Najua," Ma Kokushubila alisema, akichukua kisu. "Mwaka ule hajanioa, ng'ombe wa baba waliugua, wakamwita. Alichoma zizi zima, hakuna hata mmoja aliyepiga teke. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na maji yake ya kunawa. Ndivyo tulivyoonana."

"Sasa kwa nini unakuja?"

"Kwa sababu nisipokuja hatajichoma. Ataona nimemkasirikia. Namjua, mwanangu. Atakaa."

Maganda yalikuwa yakidondoka miguuni mwake. Alimenya upesi, bila kutazama.

"Umechoka, mawe," Joanitha alisema.

"Nilichoka kabla sijafa." Akaweka kisu chini, akafuta kidole kimoja kwa upindo wa kanga, akakinyoosha. "Hebu, hiyo mashine yako ya kupimia sukari. Inampima hata mtu kama mimi?"

Joanitha alisema hajui, ila wanaweza kujaribu. Akafungua mkoba, akafuta kile kidole kwa pamba. Kilikuwa cha baridi, chenye utomvu mweusi kwenye mikunjo. Akakichoma. Damu haikuja mara moja. Akakikamua taratibu kutoka chini, ikaja tone moja zito, akaligusisha kwenye kijiti cha mashine. Mashine ikafikiri. Haikuleta namba. Ilileta zile herufi mbili ambazo huwa inaleta sukari ikipanda hadi isiweze kuisoma.

"Inasemaje?"

"Inasema iko juu sana, mawe. Imeshindwa kuhesabu."

"Eeh," Ma Kokushubila alisema. Alilitazama lile jagi la maji. "Ndiyo maana nilikuwa nakunywa vile."

Ndipo Joanitha alipoanza kukumbuka. Alikumbuka Ma Kokushubila akileta chakula, akirudi jikoni, na mlio wa kikombe kikichotwa maji, tena na tena. Alikumbuka kwamba alikonda, na kwamba watu wa jumuiya walimsifu, wakasema huyu mama ni mchapakazi. Alikumbuka alivyolalamika kwamba miguu inawaka moto, na yeye, nesi, akamshauri asisimame sana. Alipoanguka pale pale kwenye kigoda, kisu mkononi, walisema ni moyo. Na kila Alhamisi ya miaka yote hiyo mashine ilikuwa mkobani, hatua chache kutoka hapo, ikipima kidole cha yule aliyekuwa akipikiwa.

"Kwa nini hukuniambia?" alisema.

"Hukuniuliza, mwanangu. Uliniuliza yeye anakula nini."

Haikuwa lawama. Alikuwa anaeleza tu. Joanitha alilia, akalia kweli, mabega yanatikisika, na Ma Kokushubila akamvuta karibu, akamfuta machozi kwa ile kanga yenye harufu ya moshi na udongo, akamwambia basi, basi, moshi wa leo ni mkali. Kutoka sebuleni ikaja sauti, "Koku, bado?" Ma Kokushubila akainuka, akapakua.

Joanitha alimsubiri mzee amalize kula, akamwambia.

Ta Kaijage aliweka kijiko chini. Ilimpiga, haikuwa maigizo. Aliuliza kama ndiyo iliyomuua, na Joanitha akasema anadhani ndiyo. Akabaki akisema jina la mkewe polepole, Koku wangu, Koku wangu.

"Sasa tata, wewe unajua kuchoma," Joanitha alisema. "Yeye anakuchoma wewe. Nawe umchome yeye."

Mzee alilifikiria kwa uaminifu.

"Lakini amekwisha kufa, nesi. Sukari itamfanya nini tena?"

Kwenye mafunzo ya uuguzi hakukuwa na somo la hilo. "Itamchosha," Joanitha alisema.

"Koku hachoki," Ta Kaijage alisema, na uso wake ukang'aa kwa mapenzi. "Tangu nimuoe sijamsikia hata siku moja akisema amechoka."

"Miguu inamuuma, tata."

Hilo lilimshika. Aligeuka kabisa kwenye kiti. "Miguu?"

"Inamuuma sana. Tangu zamani."

"Hakuniambia." Akasugua magoti yake mwenyewe, anawaza. "Hilo nitalishughulikia," alisema. "Niachie mimi."

Joanitha alipanda bodaboda ya kurudi Hamugembe akiwa na matumaini. Kesho yake alimfuata mganga mfawidhi, akamuuliza kama marehemu anaweza kufunguliwa faili la kliniki. Mganga alifikiri, akasema kwa upande wake haoni kizuizi, isipokuwa bima ya mama yule ilikufa naye. Joanitha akasema sawa, ataendelea kufuatilia. Aliamini kwamba zege likiwekwa, mama atalala na mzee atajichoma mwenyewe. Mzee amesikia, mzee ameguswa. Mwenyewe amesema aachiwe.

Siku ya misa kibanja kilijaa watu. Annastella alikuja na mumewe na mama mkwe mwenye presha. Padre aliongoza misa chini ya turubai, kwaya ikaimba vizuri, na baada ya hapo wote wakapanda kwenda nyuma ya nyumba kuona kaburi lililojengewa. Muhidini alikuwa amefanya kazi nzuri. Marumaru yalikuwa yamekaa sawasawa, msalaba umenyooka, jina limechongwa bila kukosewa. Na ubavuni, chini kidogo, palikuwa na mlango.

Ulikuwa mlango mdogo wa chuma kama wa banda la kuku, ila imara zaidi, umepakwa rangi ya buluu, bawaba zimetiwa mafuta. Ta Kaijage alisimama kando yake amevaa koti.

"Watoto walitaka tufunge," alisema. "Sikuwakatalia watoto. Lakini mke wangu hafungiwi nje ya nyumba yake. Nikamwambia fundi aweke mlango. Fundi akaniuliza, mzee, mlango uangalie wapi? Nikamwambia uangalie jikoni. Asizunguke tena nyumba nzima na miguu inamuuma."

Kina mama walifuta machozi. Mmoja alisema mwanamume wa namna hii utampata wapi siku hizi, na Annastella akamgeukia mumewe na kumtazama kwa kirefu. Katekista Ildefons alitikisa kichwa kwa kuguswa. Padre akaunyunyizia mlango maji ya baraka, akaujaribu kwa mkono, ukafunguka na kufungika.

Joanitha alikuwa amesimama nyuma ya watu na sahani yake ya ndizi na nyama. Alimtazama Ta Kaijage, aliyekuwa akimtafuta kwa macho katikati ya umati, na alipompata akamwinulia kidevu kidogo, kama kusema, umeona, nimelishughulikia. Hakuna aliyekuwa akisema uongo pale. Mzee alimpenda mkewe kwa moyo wote, na hilo ndilo lililomfanya Joanitha asijue aanzie wapi kukasirika. Akamwinulia kidevu na yeye. Sahani akaiweka chini ikiwa bado imejaa.

Watu walianza kutawanyika. Wanaokwenda Muleba wakawahi gari, masufuria yakarundikwa kando ya tangi, na jua likateremka nyuma ya migomba. Joanitha alienda kukaa kwenye kizingiti cha jikoni, mkoba magotini.

Mlango wa buluu ukafunguka bila kelele. Ma Kokushubila akatoka ameinama, mkono mmoja kiunoni, akanyooka. Alipapasa marumaru kwa kiganja. Aliufunga mlango, akaufungua, akasikiliza bawaba.

"Wamejenga vizuri," alisema.

"Nimeshindwa, mawe," Joanitha alisema.

"Umejaribu, mwanangu. Nilikuwa nakusikia."

Alikaa kwenye kigoda chake, na kabla hajaombwa akanyoosha kidole. Tone likaja polepole. Mashine ikafikiri, ikaleta zile herufi zake mbili. Joanitha alizionyesha, Ma Kokushubila akazitazama kwa heshima, akaitikia kwa kichwa. Kisha Joanitha akaiweka mashine kando, akachukua kisu cha pili, akavuta ndizi kutoka kwenye rundo, akaanza kumenya. Wakamenya pamoja. Ma Kokushubila alimwonyesha mara moja tu kwamba anakata ganda nene mno.

"Koku, bado?"

"Nakuja," Ma Kokushubila alisema. Akaosha mikono, akaikausha kwa kanga, akashika ukuta kuinuka. Joanitha akamfuata na mkoba. Sebuleni Ta Kaijage alikuwa amekwisha kupandisha shati.